Malaika Saba wa Atlasi

Kabagwira alipoombwa apambe ukumbi kwa ajili ya Noeli, aliona kama ametukanwa. Aliweka mkasi mezani, akamtazama Mama Pudentienne kuanzia kilemba hadi viatu, akamuuliza kama amesahau huu ni mwaka gani.

Ulikuwa mwanzo wa Desemba 1994, miezi mitano baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mama Pudentienne, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, alikuwa amekusanya yatima sitini na mmoja katika ghala la zamani la kahawa pale mtaa wa Gikondo. Watoto walilala juu ya mikeka, walikunywa uji wa msaada, na wengine tangu waletwe hawakuwa wametamka neno. Alitaka siku ya Noeli waamke wakute kitu cha kutazama. Pesa hakuwa nayo hata ya mshumaa. Lakini Kigali imejaa takataka, alisema, na yeye amesikia kwamba huku mtaa wa Biryogo kuna mshonaji ambaye zamani alipamba harusi za watu kwa vipande vya vitambaa mpaka wageni wakadhani vimeagizwa Ulaya.

Mshonaji huyo alikuwa yeye. Zamani yenyewe ilikuwa Machi, miezi tisa tu iliyopita.

Kabagwira alimjibu kwamba waliokuwa wakipambiwa wamekufa na kazi imekufa nao. Mama Pudentienne hakubishana. Alisema atarudi kesho, na kesho akarudi, na keshokutwa pia. Siku ya nne Mzee Maneno, fundi mwenye nyumba, alisimamisha cherehani yake. Mzee huyu alikuwa Mwislamu wa Biryogo tangu enzi za babu yake, na ndiye aliyemficha Kabagwira wiki saba katika chumba cha majora ya vitambaa, akimpelekea chakula ndani ya ndoo ya kufulia. Tangu wakati huo Kabagwira alikuwa akiishi hapo na kushona kwa cherehani ya pili.

"Mwanangu," Mzee alisema, "hasira yako ina haki. Lakini watoto wale hawamo ndani yake."

Kabagwira akakubali, jinsi mtu anavyokubali ugomvi. Kesho yake alfajiri alishuka Gikondo kwa miguu, mkasi wa kukatia bati kwenye kikapu, uso umekunjamana.

Ukweli ni kwamba kazi aliijua, na kazi ilimjua. Makopo ya mafuta ya msaada aliyapasua, akayanyoosha kwa nyundo na kuyakata nyota, kisha akayatoboa kwa msumari ili mwanga upenye. Magunia ya kahawa aliyafumua upande mmoja, akapata pazia la kuficha ukuta uliotobolewa na risasi. Turubai zilizochakaa alizikata nyuzinyuzi, akazisuka mashada pamoja na matawi ya msipresi. Vifuniko vya chupa za bia, ambavyo vilikuwa vimetapakaa kila mahali waliposimama askari na wale wauaji, alivipondaponda na kuvitunga kwenye waya. Upepo ukipita vikawa vinalia. Pango la Mtoto Yesu alilijenga kwa magamba makavu ya mgomba. Rangi ilikuwa bluu ya kufulia na mkaa wa kutwanga, na gundi ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa ukakaza.

Alifanya yote hayo bila kusema na mtu. Alikata bati kwa nguvu hata mkono ukatoa malengelenge, na yalipopasuka aliyafunga kwa kitambaa akaendelea. Watoto waliomsogelea aliwapa kipande cha bati wachezee, lakini hakuwauliza majina. Jina ukishalijua, alifikiri, lazima uulize na la mama.

Mama Pudentienne naye alipita nyumba kwa nyumba akiomba kila mtu alete kitu asichokihitaji. Jambo hilo lilimuudhi Kabagwira kuliko yote. Mwaka ule Kigali, nani alikuwa analala kwenye godoro lake mwenyewe? Waliorudi kutoka uhamishoni waliingia nyumba zilizokuwa wazi. Walionusurika waliokota sufuria za majirani. Majirani walishabeba milango. Alimwambia Mama Pudentienne wazi kwamba kitu usichokihitaji huenda si chako hata kukitoa.

"Usiulize," Mama Pudentienne alimjibu. "Nikianza kuuliza, humu ndani hautabaki mkeka."

Kati ya wanawake walioleta vitu alikuwepo mmoja aitwaye Kellen. Alikuwa mrefu, mwenye miaka kama thelathini, mjane. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwaka 1959, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha shuleni, kilichonyooka, ambacho watu wa Biryogo walikisikiliza kwa kutabasamu. Mumewe aliingia jeshi la wakimbizi na kufa upande wa Byumba kabla vita havijaisha. Kellen alikuja Kigali mwezi wa nane na mama mkwe wake na watoto wawili, na sasa alikuwa akiishi Kicukiro, kwenye njia ya kwenda Gahanga. Alileta mfuko wa salfeti: madaftari ya zamani, na vipande vya kitambaa cha atlasi nyeupe alivyokwisha kuvikata nyumbani.

Yeye hakutoa na kuondoka kama wengine. Alikaa chini, akavua viatu, akaanza kazi. Kabagwira alimtazama kwa jicho la pembeni na akaona kwamba mikono yake inajua. Kwa vipande vile vya atlasi, vijiti na pamba ya kwenye mito, Kellen alitengeneza malaika saba, mabawa yao yamekunjwa kama feni. Kabagwira alichukua madaftari, akayakata vipande virefu, akavipaka bluu upande wa maandishi na kuvigundisha pete kwa pete, mpaka mnyororo wa karatasi ukatosha kuzunguka ghala mara mbili. Walifanya kazi siku mbili bega kwa bega. Siku ya pili Kellen alisema kitu kuhusu bei ya chumvi na Kabagwira akamjibu. Adhuhuri waligawana muhogo wa kuchemsha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili Kabagwira kula na mtu wa nje ya nyumba ya Mzee Maneno.

Tarehe 23 Desemba, Ijumaa asubuhi, malaika sita walikuwa wameshatundikwa. Wa saba bawa lake lilikuwa limelegea, na Kabagwira alilichukua alishone upya. Alifungua mkunjo. Ndani, kwenye pindo, uzi ulikuwa mweupe, mshono mara mbili na kurudi nyuma mara moja, jinsi masista walivyomfundisha yeye na wasichana wengine sita. Kisha, kwa upana wa kiganja, uzi uligeuka bluu ya maji.

Alikaa akiwa ameshika bawa.

Mwaka 1986, usiku wa kuamkia harusi ya mdogo wake Mukabalisa, uzi mweupe ulimwishia pindo la gauni likiwa halijakamilika. Maduka yalikuwa yamefungwa. Akamalizia kwa bluu, akitoka jasho kwa aibu, na Mukabalisa alipoona alicheka, akasema hiyo ndiyo sehemu ya gauni atakayoipenda.

Kabagwira alisimama. Aliufuata mnyororo wa karatasi ukutani, akachomoa pete moja, akaifungua na kuisugua bluu kwa kidole kilicholowa mate. Chini yake ulikuwa mwandiko wa Mukabalisa, mwalimu wa darasa la tatu, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye mstari: tarehe, somo, zoezi. Alikuwa amekaa siku mbili akimpaka mdogo wake rangi na gundi ya muhogo, wala hakusoma hata neno moja.

Kellen alikuwa akifunga shada mlangoni. Kabagwira alimwendea na lile bawa, akamuuliza kwa sauti ndogo gauni lile alilitoa wapi. Kellen alisema lilikuwa kabatini, katika nyumba wanayoishi. Nyumba ipi? Ile yenye mlango wa kijani, ya pili baada ya kisima.

"Hiyo ni nyumba ya mdogo wangu," Kabagwira alisema. "Na hili ni gauni lake la harusi. Nimelishona mimi."

Kellen aliiacha kamba ikaanguka. Hakukana, na hilo ndilo lililomwasha Kabagwira zaidi, maana mtu akikana unapata mahali pa kumpiga. Alimwita mwizi. Alimwita fisi anayeingia boma wenyewe wakiwa bado wana joto. Akasema watu kama yeye walikaa ng'ambo wakinywa maziwa, wakangoja wenzao waishe, wakaja na magodoro kichwani kuchagua vyumba. Maneno mengine aliyoyasema hayaandikiki. Wanawake waliacha kazi. Watoto walijisogeza ukutani, na mmoja akaziba masikio.

Kellen alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia. Kisha na yeye hasira ikampanda, lakini ya kwake ilikuwa ya baridi.

"Tuliingia nyumba haina mtu hai," alisema. "Ilikuwa na watu watatu chini, jikoni. Mwanamke, mwanamume, na mtoto mdogo. Mimi na jirani ndio tuliowazika, nyuma, kwenye migomba. Niliwafunga kwa mashuka niliyokuja nayo, yangu. Majina yao sikuyajua."

Kabagwira alikuwa hajui. Aliwahi kuambiwa na mpita njia kwamba kwenye kilima kile hakubaki mtu, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kicukiro. Mzee Maneno alimwambia mara tatu kwamba atamsindikiza, na mara tatu Kabagwira alisingizia kazi. Miezi mitano alikuwa ametembea mwendo wa saa moja kutoka kwenye kaburi la mdogo wake, akazunguka mji kwa njia ndefu ili asilione paa la nyumba ile.

"Umewazika," alisema, "halafu ukachukua mkasi ukakata gauni."

"Lilikaa kabatini miezi minne. Nilisema mwenye nalo atakuja. Hakuja mtu. Sikulivaa, sikuliuza. Nilipoambiwa ni kwa ajili ya yatima, ndipo nililikata."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani, dada?"

Swali hilo lilimchoma Kabagwira pale pale lilipokusudiwa na pale ambapo halikukusudiwa. Alivuta ngazi, akapanda, akaanza kuwashusha malaika mmoja mmoja. Mama Pudentienne alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina uji, akamsihi awaache mpaka Jumapili tu, siku mbili, watoto wamekwisha kuwaona na kuwapenda. Kabagwira alisema watoto watapewa vingine. Alishusha na mnyororo wote wa karatasi, akaukunja kikapuni juu ya malaika. Mama Pudentienne, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia kwa ukali kwamba wafu hawana haja ya mapambo. Kabagwira akamjibu kutoka juu ya ngazi kwamba wafu walikuwa na haja ya vitu vyao kuitwa vyao.

Kisha aliteremka, akamwambia Kellen, "Nipeleke."

Walipanda kilima, Kellen mbele, Kabagwira hatua kumi nyuma. Mlango ulikuwa kijani kama alivyouacha. Barazani alikaa mama mkwe wa Kellen, bibi mwenye macho yaliyofifia, amejifunika shali ambayo Kabagwira aliijua pia. Walipita nyuma. Katikati ya migomba palikuwa na mawe yamepangwa duara, na magugu yameng'olewa. Hapakuwa na msalaba. Kellen alisema hakujua kama walikuwa Wakristo.

Kabagwira alikaa chini. Alitaja majina yao kwa sauti, la mdogo wake Mukabalisa, la shemeji yake Gasana, la mtoto wao Mucyo aliyekuwa na miaka mitano, na alipoyataja aliona Kellen anayarudia midomo yake ikicheza bila sauti. Akakasirika tena. Hakutaka kugawana hata hilo. Alimwambia aondoke, na Kellen akaondoka. Alilia hapo mpaka jua likapita upande wa pili wa nyumba, na machozi yenyewe yalikuwa ya ghadhabu: kwa waliowaua, ambao wengine aliwajua kwa majina, kwa huyu mwanamke aliyemtangulia kwenye mazishi ya watu wake, na kwa miguu yake mwenyewe iliyokataa kuja.

Jumamosi alfajiri alikuwa amerudi ghalani. Hakuna aliyemtarajia. Mama Pudentienne alikuwa amekwisha kujiandaa kusherehekea na kuta zilizobaki nusu uchi. Kabagwira alitua gunia zima la mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wote wa Biryogo. Mzee Maneno mwenyewe ndiye aliyezunguka kuyaomba, akieleza ni kwa sikukuu ya nani, wala hakuna fundi aliyemnyima. Siku nzima Kabagwira alishona ndege, wekundu, wa manjano, wenye madoadoa, amewajaza maganda ya kahawa. Kabla ya kukata kila kipande alikigeuza akakikagua ndani na nje, akamuuliza Mzee, aliyekuwa amefuatana naye, kimetoka kwa nani. Alishona themanini. Hakumsalimu Mama Pudentienne, na Mama Pudentienne hakumsalimu, lakini mmoja alimshikia mwenzake ngazi.

Noeli yenyewe watoto walitazama juu kwa muda usiozidi nusu saa. Baadaye kijana mkubwa aliruka akanasa ndege mmoja, na kabla mtu hajasema kitu walikuwa wote wanaruka. Vifuniko vya bia vikavutwa chini vikawa njuga za miguuni. Nyota zikavaliwa vichwani. Pango la mgomba waliingia watatu, likavunjika. Mama Pudentienne alishika kichwa. Kabagwira, aliyefika tu kuona kama waya zimeshika, alisimama mlangoni akingoja hasira ije, kwa kuwa kazi yake ya wiki tatu ilikuwa inachanwa mbele ya macho yake. Haikuja. Msichana mmoja alimpita mbio na ndege mkononi, na Kabagwira akajikuta amemuuliza jina. Msichana akasema anaitwa Iradukunda.

Jumatatu Kellen alifika Biryogo. Alibeba sanduku la bati, na ndani yake alikuwa ameweka kila alichoona si chake na kinabebeka: shali, sahani za udongo, miwani, picha mbili za fremu, viatu vya mtoto. Aliliweka mlangoni kwa Mzee Maneno na kusema kwamba ameongea na mama mkwe, nao watatafuta pengine pa kwenda, lakini hawajui wapi, na anaomba muda. Karagwe hakuna anayewangoja. Ng'ombe waliuzwa ili waje.

Mzee Maneno alimkaribisha chai. Kabagwira hakutoka chumbani. Alikuwa ameloweka zile pete za karatasi kwenye beseni ili gundi iachie, na sasa alikuwa anazitandaza juu ya kamba moja moja. Rangi ilikuwa imekula maneno mengi. Alisikia kila kitu kupitia pazia, na alipokwisha kusikia alijua kwamba hatamsamehe mwanamke yule, si mwaka huu, na kwamba pia hawezi kumtupa barabarani na bibi kipofu. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani pake kama mafahali wawili zizi moja.

Jumatano, tarehe 28, Mzee Maneno alikodi mkokoteni. Walipakia cherehani ya pili, ambayo alimpa iwe yake, mkeka, sanduku la bati na kapu la nguo. Saa nne asubuhi walikuwa Kicukiro. Kellen alifungua mlango na unga mikononi, akatazama mkokoteni, akaanza kusema kwamba bado hawajapata mahali.

"Sikuja kuwafukuza," Kabagwira alisema. "Nimekuja kukaa. Chumba cha mbele ni changu. Cha mdogo wangu hakilali mtu. Ninyi chukueni cha uani mpaka mtakapopata pengine. Nyuma kule ukilima, usiguse mawe."

Kellen alijipangusa unga. Alisema chumba cha mbele kinavuja. Kabagwira alisema anajua kinavuja, kimevuja tangu nyumba ijengwe.

Basi wakaingiza cherehani, Mzee Maneno upande mmoja na wanawake wawili upande wa pili, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba ikabidi waiinamishe pamoja, huyu akimwambia yule asogee, yule akisema nimesogea, kwa sauti za watu wasiopendana. Bibi aliuliza kutoka barazani ni nani huyo anayekuja. Kellen alimjibu kwamba ni mwenye nyumba.